Shahidi wa Pili

Ishpeming, Michigan
9 Novemba 2018

Mzee Clyde,

Kama kuna mtu mmoja anayeizuia wilaya hii isizikwe na theluji kila mwaka, mtu huyo ni mimi, Verner Koskela. Waulize hata wakubwa wa barabara, watakwambia. Miaka ishirini na tisa naendesha gari la kusukuma theluji. Ule mwaka wa futi kumi na nne nilifungua njia kutoka hapa mpaka kule kwenye daraja kubwa peke yangu, breki zimekufa, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeshika mlango usidondoke. Gavana alitaka kunipigia simu kunishukuru, ila nilikuwa nimelala. Sikwambii haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba Eino ameangukia mikononi mwa mtu anayejua kupanga mambo.

Simu hupokei, basi naandika. Sijaandika barua ya maana tangu nilipoacha shule darasa la tisa, kwa hiyo vumilia.

Hali ni hii. Hospitali walimaliza naye Jumanne. Kiharusi kimechukua upande wote wa kulia, na maneno karibu yote. Anasema "ehe" na anasema "jamani," basi. Wakasema kurudi kwenu haiwezekani, lazima apatikane mtu wa kusaini apelekwe kwingine, wakauliza wa damu yake ni nani. Nikasimama. Nikawaambia mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, wengine wote wameshatangulia, leteni kalamu. Haikupita saa nzima nimempatia kitanda Nyumba ya Tamarack, ile ya kutunzia wazee, chumba chenye dirisha, mahali ambapo watu wanasubiri miezi. Yule mama wa ustawi wa jamii wa pale, Bi. Pascoe, alisema hajapata kuona mtu anajaza fomu kwa kasi namna ile.

Sasa kuna jambo dogo. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika wageni wake na uhusiano wao. Wewe nimekuandika "mpangaji." Usikasirike. Mle ndani kuna wazee wanne waliochimba naye chuma, na chumba cha pili yake yumo mjane wa mchungaji, na Eino mwenyewe mdomo umepinda hawezi kujitetea. Nimemkinga. Mpangaji anaruhusiwa Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Ukienda usikae karibu sana.

Mletee kifaa chake cha kusikia na vile viatu vya manyoya. Ile picha yenu mkiwa ziwani usiilete.

Wako,
Verner Koskela
Mkuu wa Zamu, Barabara za Wilaya


Michigamme
13 Novemba 2018

Verner,

Simu sipokei kwa sababu kwenye simu unaongea peke yako. Barua naweza kuiweka chini nikapumua kwanza.

Mpangaji. Miaka thelathini na sita. Neno hilo limekaa mezani kwangu tangu jana asubuhi. Ningependa kukutukana vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyegawa barua za watu miaka thelathini na moja na anajua maneno. Siwezi, na nitakwambia kwa nini.

Tangu mwaka jana Eino alipoanza kuanguka-anguka, muuguzi wa wilaya alikuwa anakuja kila Jumatatu kumfunga bandeji miguuni. Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa tunainyoosha nyumba. Hilo ndilo neno letu. Picha zote za kwenye ngazi zinaingia kwenye kapu la nguo chafu. Nyembe za bafuni zilikuwa mbili, moja inaondoka. Mto wangu unahamia chumba cha pili, na kitanda cha kule nakipandia, najigaragaza dakika mbili, shuka zionekane zimelaliwa. Eino amekaa kwenye kiti anasimamia kama fundi: "Clyde, slipa! Umesahau slipa zako, bwana wee!" Tulikuwa tunacheka. Rafiki zetu wa Green Bay walikuwa wanafanya hivyohivyo. Mmoja wao alipokufa, mwenzake hakukumbuka picha alizificha wapi. Wa umri wetu wengi ndivyo tulivyo. Mtu anayekuja kukuosha unamwogopa kuliko askari.

Siku ile Eino alipoanguka jikoni, nilipiga simu ambulansi ije. Kisha, badala ya kukaa naye sakafuni nimshike, nilipanda ngazi nikaanza kutoa picha. Ilikuwa mikono yangu, haikuwa akili. Nilikuwa najigaragaza kitandani kule juu niliposikia king'ora. Yule mama wa ambulansi akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani kwake?" Nikasema, "Jirani."

Eino alikuwa anasikia.

Kwa hiyo wewe umesema mpangaji, mimi nilisema jirani. Umenipandisha cheo.

Humu ndani nimeweka nakala ya karatasi tuliyosaini Aprili 2011. Inasema akishindwa kujisemea, msemaji wake ni mimi. Nimechelewa kuileta kwa sababu ilikuwa chini ya kapu, tuliinyoosha nayo. Mpelekee Bi. Pascoe. Shahidi wa kwanza ni marehemu Bi. Oberg wa duka la nyuzi. Wa pili ni wewe.

Clyde Hathorne


Ishpeming
20 Novemba 2018

Mzee Clyde,

Karatasi nimeipeleka mwenyewe, kwa mkono, nimevaa koti la kanisani. Nilipoingia pale Tamarack watu walidhani ni mkaguzi kutoka makao makuu ya jimbo. Bi. Pascoe akaipokea kwa heshima, akaisoma yote. Halafu akaniuliza:

"Bwana Koskela, hii sahihi ya pili ni ya nani?"

"Yangu, mama. Hiyo sahihi inajulikana mpaka darajani."

"Na wewe ni nani wake?"

"Si nimekwambia? Mdogo wake."

Akavua miwani. "Ndugu haruhusiwi kuwa shahidi wa karatasi hii. Limeandikwa hapo, mstari wa juu ya jina lako."

Na kweli limeandikwa. Maandishi madogo sana, hata mwenye macho ya tai asingeyaona. Unakumbuka siku ile yule fundi bomba alikuwa amemaliza sinki lenu, ameshashika kalamu asaini, mimi nikamnyang'anya. Nikasema, mtu baki aandike jina lake kwenye jambo la akina Koskela nikiwa nimekaa hapa? Kumbe angesaini yule yule. Sasa Bi. Pascoe anasema karatasi ni kama haipo.

Halafu akanionyesha na mstari mwingine, ule uliokutaja wewe "mwenzi wangu wa maisha." Akaniuliza kwa nini kwenye fomu nimeandika mpangaji ilhali nilishuhudia hili. Nikamwambia nilisaini bila kusoma. Sikupenda alivyonitazama.

Lakini usihangaike, jambo limerudi kwenye mikono imara. Jana daktari aliniuliza, hawezi kumeza salama, je tumwekee mpira wa kulishia? Nikamjibu papo hapo: wekeni. Koskela hafi njaa mimi nikiwa hai. Daktari akanishika bega.

Verner Koskela


Michigamme
24 Novemba 2018

Verner,

Nilikwenda Alhamisi, saa nane kamili, kama mpangaji. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, jengo zima linanukia bata mzinga. Eino amekaa anainusa harufu ile, na kwenye mpira wake unashuka uji wa rangi kama ya ukuta. Amewahi kuuchomoa mara mbili. Kwa hiyo wamemvisha glavu nene, kama za bondia, zimefungwa kwenye kifundo. Fundi aliyetengeneza violini tatu kwa mkono wake.

Nilimshika mkono wa kushoto, na glavu yake. Akauacha. Nikamwambia habari za paka. Akasema, "Jamani." Halafu mlango ukafunguka, mhudumu akaingia na sinia, na Eino akauvuta mkono. Haraka, kama zamani. Verner, kiharusi kimemchukulia jina langu, lakini woga ule hakikuuchukua.

Mhudumu akaniambia, "Una bahati, baba, wapangaji wengine hawajali hivi." Nikamshukuru. Nilimshukuru!

Ulikuwepo 2011. Ulikuwa unakula pai ya nyama, kipande cha tatu. Eino aliweka kalamu chini akasema: "Nikishindwa kumeza, mpira sitaki. Nirudisheni hapa, na Clyde alale nami kitanda kimoja mchana kweupe, pazia wazi." Ukasema "Amina" na mdomo umejaa. Karatasi imekufa lakini masikio yako hayajafa.

Utauliza kwa nini hatukuoana sheria iliporuhusu. Kwa sababu gazeti letu huchapa kila Jumamosi majina ya waliochukua cheti cha ndoa. Eino alisema, tungoje kwanza akina Koskela wote waishe, tusiwaaibishe. Mmoja mmoja wakaisha. Ulibaki wewe.

Nimepata wakili, na nimeomba mahakama inifanye mlezi wake wa kisheria. Kesi ni tarehe 12 Desemba, saa tatu asubuhi. Wakili anasema jaji huelekea kwa damu, mpaka damu yenyewe iseme vingine. Njoo useme sisi ni nani, na useme alichokisema. Sitaki kingine kwako.

Clyde


Ishpeming
2 Desemba 2018

Shemeji Clyde,

Unaona nimekuitaje. Mimi nikiamua naamua.

Nitakuja. Mahakama ile wananijua, karani wa mlangoni tunacheza naye boling, jaji mwenyewe nilimvutia gari lake kutoka mtaroni mwaka juzi na akaniambia bila mimi angeliwa na mbwa mwitu. Nikisimama pale kesi imekwisha. Ila nafikiria, labda ingefaa nimwandikie jaji barua badala ya kuja? Maneno yangu yakiwa kwenye karatasi yana uzito zaidi. Na goti langu, wewe unalijua goti langu. Na Desemba ndiyo theluji yenyewe.

Ngoja nikwambie kitu. Jana tulikuwa tunakunywa kahawa gereji. Beauchamp, yule wa gari namba sita, akaniuliza mbele ya wote:

"Wee Verner, hivi ni kweli kaka yako na yule mzee wa posta walikuwa... vile?"

"Vile vipi?"

"Aa, usinikodolee macho, bwana. Mke wangu anafanya kazi Tamarack. Anasema mpangaji analia kuliko ndugu."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mpangaji wa chumba au wa kitanda?" Mwingine akasema, "Kumbe Koskela mkubwa ni shoga, na violini zake zile!" Gereji nzima ikalipuka.

Nami nikacheka. Ningeweza kukwambia kwamba nilimpiga Beauchamp ngumi akaruka juu ya tairi, na nilishaanza kuiandika hivyo, nikaikata. Nilicheka. Nadhani nilicheka kwa sauti kuliko wote. Halafu nikatoka nje nikajifanya naangalia mafuta.

Verner


Michigamme
6 Desemba 2018

Verner,

Shemeji usiniite kwenye barua kama huwezi kuniita hivyo gereji.

Barua kwa jaji haitoshi. Wakili ameuliza. Jaji anataka mtu aliyesimama, anayeweza kuulizwa swali.

Alhamisi hii Eino hakusema hata "ehe." Kwenye kidole gumba glavu imemchubua. Nimeomba wamfungue kwa yale masaa mawili ninayokuwepo, wakasema ruhusa lazima itoke kwa familia. Nikasema basi mpigieni simu huyo wa familia. Wakasema walipiga mara mbili, hakupokea.

Tarehe 12. Saa tatu. Vaa lile koti la kanisani.

Clyde


Ishpeming
13 Desemba 2018

Clyde,

Najua umenisubiri. Sikiliza kwanza kabla hujakasirika.

Nilikuwa nimeshavaa. Koti, tai, kila kitu. Saa kumi na mbili asubuhi redio ikaita: ambulansi imekwama njia ya juu, ndani kuna mama mjamzito, theluji inashuka kama magunia yanamwagwa, na hakuna dereva mwingine anayeiweza njia ile. Nani mwingine? Nikapanda na koti langu hilohilo la kanisani. Nilisukuma maili kumi na nane sioni hata pua ya gari langu, naongozwa na harufu ya moshi wa nyumba za watu. Nilipoifikia, dereva wa ambulansi alilia. Nikawafungulia njia mpaka mlango wa hospitali. Mtoto ni wa kiume, wanasema watampa jina langu.

Nilipotazama saa, ilikuwa saa sita mchana.

Ungefanyaje wewe? Mwambie jaji apange siku nyingine, nitakuja hata kwa magoti.

Nimewapigia Tamarack. Wakati wewe upo wamfungue glavu.

Verner


Michigamme
17 Desemba 2018

Verner,

Jaji alingoja nusu saa. Jina lako liliitwa korido mara tatu. Nilikuwa nimevaa koti la Eino lile la kijivu, kwa sababu langu lina kiraka, nikawa nageuka kila mlango ukilia. Wakili akasema, "Mzee Clyde, ukigeuka hivyo shingo itakatika." Kesi imesogezwa mpaka tarehe 9 Januari, kwa sababu ya sikukuu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na barua yako kichwani tayari, ile ambayo ningekuandikia. Ilikuwa na maneno ambayo sijawahi kuyatumia kwa mtu. Kisha ikaja yako.

Sasa siwezi kuiandika. Kama uliwafungulia njia watu wenye uchungu namna ile, basi sina haki ya kulalamika. Aliyekuwa ndani ya ile ambulansi naye ni Eino wa mtu. Hata nimeona haya kwa niliyoyafikiria juu yako.

Glavu wanazifungua sasa, saa nane mpaka saa kumi. Ahsante kwa hilo. Alhamisi alinigusa sikio.

Clyde


Michigamme
12 Januari 2019

Verner,

Jumatano sikuweza kusema kitu pale nje ya mahakama, ulikimbilia gari lako kama unadaiwa. Kwa hiyo nasema hapa.

Nilifikiri utatuharibia. Ulipoanza habari ya gavana, wakili wangu alifumba macho. Jaji akakukata: "Bwana Koskela, jibu swali tu. Hawa wawili ni nani?" Ukageuka ukatazama nyuma. Beauchamp wako na mkewe wamekaa benchi la nyuma, niliwaona, na wewe uliwaona.

Ukasema, "Ni mtu na mwenzake, mheshimiwa. Mume na mume. Huyu ni shemeji yangu tangu mwaka themanini na mbili na sijawahi kumwita hivyo mbele ya watu."

"Unajuaje?"

"Krismasi ya tisini na nne nilikwama kwao kwa theluji, hawakunitegemea. Chumba cha pili kitandani kulikuwa na baiskeli imefunguliwa vipande vipande, imejaa vumbi. Pale hapajawahi kulala mtu, mheshimiwa, labda mnyororo."

Hata jaji alitazama chini ili asicheke. Kisha ukamwambia habari ya mpira na pazia, neno kwa neno, na kwamba karatasi uliiharibu wewe kwa kiherehere chako. Hukuongeza chumvi hata chembe. Nilikuwa nakusubiri uongeze.

Eino yuko nyumbani tangu jana. Mpira wameutoa. Wauguzi wanakuja, wale wa kutuliza maumivu tu, na tunamlowanisha midomo kwa kijiti cha sifongo. Picha zimerudi kwenye ngazi, zote, hata ile ya ziwani. Nilizipanga vibaya, nimesahau zilivyokuwa.

Njoo. Siku yoyote, si lazima Alhamisi.

Clyde


Michigamme
4 Februari 2019

Shemeji,

Uliondoka Alhamisi jioni. Ijumaa saa nne asubuhi ikawa mwisho.

Jua lilikuwa kali juu ya theluji, pazia wazi, chumba kizima cheupe. Nilikuwa nimelala upande wangu. Muuguzi akafungua mlango, akatuona, akasema, "Samahani, nitarudi." Nami nikaushikilia mkono wa Eino nikingoja auvute. Hakuuvuta, Verner. Ulibaki pale pale. Nusu saa baadaye akatoa pumzi moja ndefu na nyingine haikuja.

Zile mara tatu ulizokuja ukamsomea ripoti ya barabara, alikuwa anakusikiliza. Najua kwa sababu ulipotaja futi kumi na nne alisema "jamani."

Nimeandika tangazo la gazeti, litoke Jumamosi. Nimeweka: ameacha mwenzi wake, Clyde Hathorne, na mdogo wake, Verner. Sikuandika rafiki.

Nimeongeza na mstari mmoja juu yako. Nimesema mdogo wake ndiye aliyeifungulia ambulansi njia tarehe 12 Desemba katika dhoruba ile, mama na mtoto wakaokoka. Nilimsimulia Eino habari hiyo Alhamisi ile baada ya Krismasi, glavu zake nimezishika mimi, akanisikiliza mpaka mwisho. Nataka watu wajue ni familia ya namna gani. Kama jina la yule mtoto unalo, niandikie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Clyde


Ishpeming
6 Februari 2019

Clyde,

Shemeji usiniite kwanza, mpaka umalize kusoma.

Ule mstari uufute. Nakuomba. Tangazo la Eino lisiwe na uongo ndani yake, na huo ni wangu. Hakuna ambulansi. Theluji ilianguka siku ile, ndiyo, inchi nne, na njia ya juu aliisukuma Beauchamp. Hakuna mama, hakuna mtoto wa jina langu. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, hapo uliposema ulimsimulia Eino.

Nilikuja mahakamani. Nilifika saa mbili na nusu, nimevaa koti na tai. Nilikuona unashuka kwenye gari la wakili na lile koti la kijivu. Nikaingia kwa mlango wa pembeni, na pale korido nikamkuta mke wa Beauchamp na wenzake wawili wa Tamarack, wameitwa watoe maelezo. Wakaniambia, "Habari za asubuhi, Bwana Koskela." Hawakusema zaidi. Nikawaza nikiingia mle nitasema neno lile mbele yao, kesho gereji nzima imelijua. Nikasema ngoja niende chooni mara moja.

Nilikaa humo. Kibanda cha mwisho, ukutani. Nilisikia unaitwa, nikasikia naitwa. Siku ishirini na nane zaidi za glavu, Clyde, nimezihesabu, na zote zilitoka mle chooni. Nikaja Januari kwa sababu kila nikifumba macho naziona. Nisingependa unihesabie ujasiri.

Na kuna kidogo kingine, ambacho hata mke wangu sijamwambia. Jina lilipoitwa mara ya tatu, yule karani wa boling aliingia chooni kunitafuta. Nikapandisha miguu juu ya sinki la choo, mtu wa miaka hamsini na saba, goti langu hili, viatu vya kanisani, nimejishikilia ukutani. Akagonga kibanda changu.

"Verner? Verner Koskela, ni wewe humo?"

Nikabana pua, nikabadilisha sauti, nikamwambia, "Hapana. Ni mtu mwingine."

Verner